Deni la 1974 kati ya Himo na Taveta: shilingi 4,000 za wakati ule tuzihesabu kwa kiwango gani?

MjukuuHimo aliuliza:

Wakuu habari za humu. Naomba msaada wa hesabu na wa historia, maana jambo hili limeanza kuleta maneno kwenye ukoo.

Babu mzaa baba aliishi Himo mpaka alipofariki. Mdogo wake alihamia Taveta zamani, akaoa huko, akawa raia wa Kenya. Mwaka 1974 mdogo mtu alinunua shamba upande wa Taveta na babu akamchangia. Tunalo daftari la babu, la jalada gumu, na ukurasa wenyewe una maneno machache: "Mei 1974. Nimempa mdogo wangu Sh. 4,000/= za shamba. Atarudisha au tutagawana." Chini kuna dole gumba mbili za wino wa bluu. Hakuandika kama ni shilingi za Tanzania au za Kenya.

Sasa wenzetu wa Taveta wanauza shamba. Ni watu waungwana, hawajalikana daftari. Wamesema shamba liko Kenya, kwa hiyo deni ni shilingi 4,000 za Kenya, wako tayari kutulipa hata kesho. Kwa kiwango cha leo ni kama 80,000 za kwetu. Baba mdogo amewaka. Anasema babu alikuwa Mtanzania, alitoa shilingi za Tanzania, na zamani shilingi yetu ilikuwa na nguvu, kwa hiyo wahesabu upya. Baba mdogo mwingine anataka sehemu ya shamba zima.

Kikao ni mwisho wa mwezi na mimi ndiye niliyetumwa kutafuta viwango. Kiwango kati ya shilingi hizi mbili kilikuwa ngapi mwaka 1974, kimekwendaje mpaka leo, na tutumie kipi?

Kalamu_Nyeusi alijibu:

Mkuu, mbona rahisi. Deni ni deni, haliongezeki kama hapakuwa na mkataba wa riba. 4,000 za Kenya mara 20 ni 80,000, mnagawana mnamaliza. Mkianza kufukua ya 1974 mtagombana na ndugu bure.

MzeeWaSoko alijibu:

Mjukuu, hili nimeliishi. Nimefanya biashara kati ya Himo, Holili na Taveta tangu ujana wangu, maharage na ndizi kwanza, vitenge baadaye, na soko la Taveta la Jumatano na Jumamosi nalijua kabla halijawa na mabati. Nitaandika kirefu, univumilie.

Babu yako hakuandika ni shilingi za nchi gani kwa sababu Mei 1974 hilo halikubadilisha hesabu. Tangu 1922 Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa noti zake, ila thamani haikuguswa: moja yenye picha ya Nyerere kwa moja yenye picha ya Kenyatta. Uingereza iliposhusha pauni Novemba 1967, nchi zetu tatu hazikuifuata, zikabaki pamoja kwenye 7.14 kwa dola moja ya Marekani. Mwaka 1974 zilikuwa hapo hapo. Kweli, vibali vya kuvusha fedha vilikuwa vimeshaanza na huwezi kutembea na bunda la noti ukapita kwa afisa hivi hivi, lakini kiwango kilikuwa moja kwa moja. Kwa hiyo baba yako mdogo na ndugu zenu wa Taveta wanabishania kitu ambacho siku ile hakikuwepo. Zile 4,000 zilikuwa dola 560, uzihesabie Himo au uzihesabie Taveta.

Njia ziliachana baadaye. Oktoba 1975 shilingi zote tatu ziliachana na dola zikafungwa kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kinachoitwa SDR, bado pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Ndani ya miaka hiyo mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vikala akiba ya fedha za kigeni, na IMF ikataka shilingi yetu ishushwe. Mwalimu alikataa. Edwin Mtei, ambaye ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo ni waziri wa fedha, alijiuzulu Desemba 1979 kwa sababu hiyo. Kenya yenyewe ilishusha ya kwake mara mbili mwaka 1981 na tena Desemba 1982.

Sasa ukichukua takwimu za benki peke yake utaona jambo ambalo vijana hawaliamini. Mwaka 1983 dola moja ilikuwa kwa wastani shilingi 11 na kidogo za Tanzania, na 13 na kidogo za Kenya. Kwenye karatasi shilingi yetu ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya! Nadhani ndicho baba yako mdogo anachokikumbuka, na hadanganyi.

Lakini hakuna aliyeipata kwa bei hiyo. Madukani Himo sabuni hakuna, mafuta ya kula hakuna, sukari kwa foleni. Taveta vyote vipo. Watu walipita njia za panya usiku, wengine wakizungukia upande wa Ziwa Chala, kahawa na ng'ombe wakienda kule, sabuni na mafuta vikija huku. Mtu aliyebeba mche wa sabuni kutoka Taveta hakubali ulipie kwa kiwango cha benki. Niliona kwanza tatu za kwetu kwa moja ya Kenya, ikawa tano, na kufikia 1985 saba, siku nyingine nane. Mabadilishano yenyewe yalifanyika nyuma ya mashine ya kusaga, kelele ya injini ikifunika maneno. Noti za Kenya zilikunjwa mara nne zikasukumwa ndani ya kibiriti kitupu, na mwenye fedha anakupa kibiriti kama vile umemwomba moto wa sigara. Hesabu yako ukaifanyie mbele ya safari. Mwaka 1983, Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na noti za Kenya ilikuwa kesi, na wapo niliowajua waliokaa ndani kwa ajili ya kibiriti kimoja.

Juni 1984 shilingi ikashushwa hadi 17 kwa dola. Mzee Mwinyi alipoingia tukakubaliana na IMF mwaka 1986, ikaenda 40, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 50. Kenya ilikuwa 16. Kwa mwaka ule mmoja kiwango cha benki kilitoka moja na kidogo hadi tatu za kwetu kwa moja ya Kenya. Mwaka 1990 dola ilikuwa 195 kwetu na kama 23 kwao, yaani nane na nusu. Tazama hapo: benki ilifika mwaka 1990 mahali ambapo sisi wa nyuma ya mashine tulikuwa tumeshafika 1985. Kwa hiyo ukitengeneza jedwali la viwango vya kati ya 1977 na 1986 ukalipeleka kwenye kikao, waambie wazee wazi kwamba hizo ni namba za karatasi. Mtu wa kawaida wa Himo hakuweza kuingia benki na shilingi zake akatoka na za Kenya kwa bei ile.

Miaka iliyofuata ni ya kuaminika zaidi, maana maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa na bei ya benki na ya mtaani zikakaribiana. 1993 Kenya iliyumba sana, wakati wa kashfa ya Goldenberg, dola ikatoka wastani wa 32 hadi 58, na moja ya Kenya ikarudi kuwa saba zetu. 1995 ikawa 11, 2000 kama 10 na nusu, 2005 ikawa 15, 2010 kati ya 17 na 18, 2015 ikafika 20, na 2018 ilipita 22.

Sasa zile 4,000. Nimwambie ndugu Kalamu kwa heshima: hesabu ya 80,000 ingefaa kama babu angefungia noti za Kenya ndani ya mkebe miaka 50 na leo tunafungua mkebe. Fedha ile haikukaa popote. Iliingia kwenye ardhi siku ile ile, na ardhi haikushuka na noti. Angalia shilingi zenyewe zilivyoyeyuka: 4,000 zilizokuwa dola 560, leo 4,000 za Kenya ni kama dola 31, na 4,000 za Tanzania hazifiki dola mbili. Kumlipa mtu kwa namba iliyoandikwa daftarini ni kumrudishia ganda. Na baba yako mdogo naye akishinda hoja yake kwamba zilikuwa za Tanzania, mkalipwa kwa namba ileile, mnapata 4,000 za Tanzania, nauli ya kwenda na kurudi sijui kama inatosha.

Naomba unijibu mawili. Shamba lilinunuliwa bei gani jumla? Na yale maneno "atarudisha au tutagawana", kuna popote babu alipoandika kwamba amerudishiwa hata kidogo?

VitunguuTaveta alijibu:

Shikamoo mzee, umenifundisha. Wazazi wangu hawapendi kuzungumzia miaka ile.

Naongeza ya juzi tu, kwa sababu naona watu wanaitaja 20 kama sheria. Mimi nanunua vitunguu upande wa Tanzania nauza Taveta na Voi. Mwisho wa 2023 shilingi ya Kenya iliteremka sana, na Januari 2024 dola ilifika 160. Wenye fedha waliogopa ile Eurobond, yaani mkopo wa serikali ya Kenya wa dola bilioni 2 kutoka nje, uliotakiwa kulipwa Juni, hawakujua kama serikali italipa. Shilingi yangu moja ikawa inanipa 15 na senti za Tanzania, wakati nilikuwa nimezoea 20. Februari serikali ikakopa mpya dola bilioni 1.5 ikanunua sehemu ya ile ya zamani, na ndani ya wiki chache dola ikateremka kuelekea 130. Kufikia Aprili tulikuwa tumerudi karibu na 20.

Kwa mtu wa mkopo hayo si mambo madogo. Mzigo wa milioni moja ya Tanzania ungekula shilingi 64,000 za Kenya mwezi wa kwanza. Mzigo huo huo mwezi wa nne ulikula kama 51,000. Mimi nilikuwa nimekopeshwa Januari kwa shilingi za Tanzania, nikalipa Aprili, nikabaki na tofauti mkononi. Jirani yangu alikuwa amekopesha upande wa pili kwa Kenya, yakaenda vizuri kwake pia, lakini aliyebadilisha akiba yake yote Januari kwa hofu aliumia, na ni mama wa watoto wanne ninayemfahamu.

Kwa hiyo mkikubaliana kiasi, andikeni ni shilingi za nchi gani na kiwango cha siku gani. Msiache "karibu 20".

MkaziMpakani alijibu:

Upande wa sheria wa Kenya, nisaidie kidogo. Huyo baba mdogo anayetaka kipande cha shamba atapata shida. Shamba la kilimo huku haliwezi kuhamishiwa mtu bila idhini ya bodi ya ardhi, na kwa asiye raia ni kikwazo kikubwa. Tangu katiba ya 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya isipokuwa kwa kukodisha, na mwisho ni miaka 99. Ombeni sehemu ya fedha ya mauzo, si sehemu ya udongo. Na mfanye hivyo kabla mnunuzi hajalipa, kwa maandishi.

MjukuuHimo alijibu:

Mzee shikamoo, na wengine wote asanteni sana.

Nimeongea na binti wa Taveta ambaye ndiye anayetunza makaratasi yao. Amenitumia picha ya karatasi ya mauziano. Bei ilikuwa Sh. 10,000 kwa ekari nne, na imeandikwa jina la mdogo wake babu peke yake. Kuhusu kurudishiwa, nimepekua daftari lote mpaka mwisho. Babu aliandika kila kitu, hata chumvi aliyomkopesha jirani, lakini hakuna mstari unaosema amelipwa.

Ila huyo dada ameniambia neno lililonifanya nifikiri. Amesema babu yao alilikuta pori, akang'oa visiki, akachimba mfereji wa maji, akajenga nyumba na kupanda miembe, na mpaka ulipofungwa 1977 hakuna mtu wa Himo aliyefika kusaidia. Sijui nimjibu nini.

MzeeWaSoko alijibu:

Marahaba mjukuu wangu. Huyo dada ana haki, na umpelekee jibu hilo kabla ya kikao ili ajue mmemsikia.

Sasa hesabu imekuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. 4,000 katika 10,000 ni sehemu mbili kati ya tano. Hapo hauhitaji kiwango chochote cha kubadilisha fedha, kwa sababu mwaka ule shilingi zote mbili zilikuwa na thamani moja, na tangu hapo bei ya shamba imejibeba yenyewe. Lakini sehemu mbili kati ya tano za nini? Za ardhi ilivyokuwa inanunuliwa, tupu. Nyumba, mfereji na miembe ni jasho la Taveta, na babu yako asingedai hilo. Mtafute mthamini, au wazee wawili wanaojua bei za eneo hilo, watenge bei ya udongo mtupu na bei ya vilivyofanywa juu yake. Sehemu zenu mbili mzihesabu kwenye ile ya udongo. Mkiona vema, punguzeni tena kidogo kwa miaka 50 ya kulitunza lisichukuliwe na wengine. Shamba la mpakani lisipokaliwa hupotea.

Wakisema wao hawakubali kugawana, kwamba ulikuwa mkopo, daftari linaruhusu tafsiri hiyo pia. Basi mwende na kipimo cha chini. Dola 560 za 1974, ukizingatia bei zilivyopanda huko huko Marekani, zinanunua leo kile kinachonunuliwa na dola kama 3,500. Hizo ni karibu shilingi 450,000 za Kenya, au karibu milioni 9 za kwetu. Sisemi dola ndiyo kipimo cha haki. Nasema ni njia ya kupata namba ambayo haikuyeyushwa na shilingi ya upande wowote, na pande zote mbili zinaweza kuikagua. Chini ya hapo msikubali, na hizo 80,000 msizijadili kabisa, mtawatia aibu waliozitaja.

Baba zako wadogo waambie mapema kwamba hakuna atakayeshinda kwa hoja ya za Kenya au za Tanzania. Nimeona ndugu wakiacha kuzikana kwa hoja ya namna hiyo, na sitaki nione tena.

MjukuuHimo alijibu:

Nimeelewa mzee. Nimeshamwandikia dada wa Taveta habari ya mthamini, amekubali, na amesema yeye mwenyewe atamtafuta mmoja na sisi tuje na mmoja. Swali la mwisho: wao watalipwa na mnunuzi kwa shilingi za Kenya na sisi tunataka zifike Himo. Nani abebe kupanda na kushuka kwa kiwango?

MzeeWaSoko alijibu:

Mkubaliane kwa shilingi za Kenya, kwa sababu ndizo zitakazopatikana. Wakishawakabidhi, jukumu lao limeisha. Mwandike tarehe ya makabidhiano, na msiongeze sharti la kiwango. Zikiwa mikononi mwenu, kiasi kikubwa kipitisheni benki na siyo kwa mtu wa mpakani, muulize kiwango cha kununua kwenye benki mbili tatu asubuhi hiyo hiyo, maana wanatofautiana, na kwa fedha nyingi tofauti ya nusu shilingi ni mfuko wa mbolea. Mbebe nakala ya makubaliano na karatasi ya mauzo, mtaulizwa zimetoka wapi. Kama hamna haraka ya matumizi msibadilishe zote siku moja, badilisheni kwa mafungu. Na nakala moja ya makubaliano ibaki kwa dada wa Taveta, nyingine muiweke pamoja na daftari.

VitunguuTaveta alijibu:

Benki za Taveta nenda kabla ya saa nne, na usiende siku ya soko. Jumatano na Jumamosi foleni inatoka nje.